Upanga Uliotoka Ringwani

Mkaguzi Ghati Waitara alishuka kwenye gari la kituo akiwa amekumbatia furushi la gunia lililonuka mafuta ya taa. Akavuka mtaro, akapita kati ya vibanda vya Nyamisangura, Tarime mjini, vilivyokuwa ndiyo kwanza vinafunguliwa, akaingia uani kwa Bushiri, fundi wa visu na mapanga. Mzee alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake, miguu kaitandaza, tambara safi kalilaza mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeuloweka kama nilivyokwambia kwenye simu?"

"Tangu jana mchana. Nimeufungia chumba cha vielelezo, na ufunguo nimelala nao mimi."

"Basi utakuwa umelainika. Ulete."

Ghati hakuuleta. Alikaa kwanza kwenye benchi, furushi likiwa bado kifuani.

"Mzee Bushiri, huu ni ushahidi wa kesi ya kifo. Umeshapigwa picha kila upande, umeshapimwa, na magamba ya kutu yameshapelekwa maabara Mwanza. Mkuu wangu ameandika ruhusa ya kuusafisha. Lakini hautoki machoni pangu, na kazi tunafanya wote wawili."

Bushiri alicheka taratibu. "Na mimi nina sharti langu. Haupiti kwenye gurudumu la kunolea. Gurudumu linakula kutu na chuma pamoja, halitofautishi. Tutakwenda kwa mkono, pole pole, mpaka wenyewe useme basi."

Ghati akafungua gunia.

Ulikuwa upanga wa zamani, wenye makali pande mbili, wa aina waliyokuwa wakivaa kiunoni wanaume waliokwenda kufuata ng'ombe walioibwa. Mpini ulikuwa umeoza wote. Chuma chenyewe kilikuwa kimevimba kwa kutu nyekundu, gamba juu ya gamba, mpaka kikafanana zaidi na gome la mti kuliko kitu kilichotengenezwa na mtu.

Wiki mbili nyuma, wakulima wa Ringwani, upande wa Serengeti, walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji wakakutana na mawe yaliyopangwa. Chini ya mawe kulikuwa na mifupa ya mtu mzima. Upanga ulikuwa umelazwa ubavuni, na mkononi mwa mifupa kulikuwa na bangili ya shaba iliyosokotwa. Bangili ndiyo iliyolileta jalada Tarime. Mama mmoja wa Nyanungu, jina lake Robi, aliitwa kituoni akaitazama mara moja tu. Akasema ni ya mume wake, Mwikwabe, aliyeondoka kufuata ng'ombe walioibwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hakulia. Aliomba tu kuishika.

Mwikwabe aliondoka na mdogo wake, Ezekiel. Ezekiel alirudi peke yake. Aliwaambia watu kwamba kaka yake ameziona nyayo za ng'ombe zikielekea Kenya, ameamua kuzifuata, na atarudi. Watu waliamini, kisha wakachoka kuamini, kisha wakaanza kunong'ona. Sasa mifupa imeonekana Ringwani, kusini mwa Mto Mara, kusiko na njia ya kwenda Kenya hata kwa mlevi. Juzi Ghati alimchukua Ezekiel nyumbani kwake. Mzee hakubisha. Hakuomba hata dakika ya kuvaa viatu.

"Ulimuua kaka yako?" Ghati alimuuliza kituoni.

"Andika unavyoona, mwanangu."

"Siandiki ninavyoona. Naandika unachosema."

"Basi sina cha kusema."

Mpaka asubuhi ile hakuwa ameongeza neno. Na mkuu wa Ghati alikuwa akitaka jalada liende kwa mwanasheria wa serikali bila kuchelewa.

Bushiri alianza kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alisoma chuma kwa vidole. Alichukua kipande cha pembe ya ng'ombe kilichochongwa bapa, akampa Ghati kingine.

"Pembe haikwaruzi chuma. Sukuma kutoka kwako, usivute kwako. Gamba likikataa, liache, lipe mafuta tena."

Walifanya kazi wakitazamana, upanga ukiwa umelala kwenye mbao kati yao. Gamba la kwanza lilimng'okea Ghati zima zima, chini yake kukaonekana weusi. Akashangaa jinsi alivyofurahi. Walibandua, wakapangusa, wakadondoshea mafuta, wakabandua tena. Kutu ilishuka kwenye tambara kama unga wa pilipili. Bushiri alikuwa akiuzungumzia upanga chini chini, kama daktari anayemtuliza mgonjwa: hapa pameliwa sana, pole, hapa kumbe uko mzima.

Kuruthumu, mke wake, alileta chai ya tangawizi na sahani yenye ndimu zilizokatwa na majivu yaliyochekechwa.

"Baba Samira, kunywa kwanza. Umekuwa ukihema tangu saa ile."

"Sihemi, Mama Samira. Naongea."

"Basi unaongea kwa kuhema."

Alimshikisha kikombe mkononi, akasubiri mpaka vidole vya mumewe vimekamata sawasawa, ndipo akaachia. Ghati alitazama pembeni.

Baada ya magamba, ilikuja zamu ya majivu na ndimu, kusugua kwa tambara kutoka palipokuwa na mpini kwenda nchani, daima upande mmoja. Kisha msasa laini uliolowa mafuta. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati wakati chuma kilipoanza kujibu. Hakikung'aa, ila kilitoka rangi ya kijivu yenye madoa, kama anga baada ya mvua. Katikati kulikuwa na mashimo madogo madogo ambayo hayangetoka kamwe. Karibu na palipokuwa na mpini palikuwa pazima, kwa kuwa ngozi ya ala ilikuwa imepakinga kwa muda mrefu kabla haijaoza.

Bushiri alipapasa hapo, vidole vikasimama.

"Subhanallah. Kuna mwezi hapa."

"Mwezi gani?"

"Tazama wewe, mimi sioni. Mwezi mwandamo mdogo, umepigwa kwa patasi."

Ghati aliinama. Kweli, alama ndogo iliyopinda, si kubwa kuliko ukucha wa mtoto.

"Ni kazi ya marehemu baba yangu, Mzee Faraji," Bushiri alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Aliupiga kutoka kwenye springi ya lori. Yeye hakuandika jina, aliweka mwezi tu. Nilikuwa nikimvukutia moto. Inawezekana kabisa huu niliuvukutia mimi."

Alilaza kiganja juu ya chuma. Kuruthumu alikuwa ameinama begani mwake.

"Na hivi vitobo je?" akauliza. "Kuna viwili hapa, pembeni ya mwezi."

"Vitobo?" Bushiri alitafuta, akavipata. "Hivyo sivijui. Mtu akitaka alama yake mwenyewe, baba alimwekea. Lakini ya nani, hiyo siwezi kukudanganya."

Ghati alipiga picha ya mwezi na nukta mbili, akaweka rula pembeni, akapiga tena. Kisha akauinua upanga kwenye mwanga na kuitazama ncha. Kuanzia katikati kwenda mbele, makali yote mawili yalikuwa na mapengo mengi, na ncha ilikuwa imepinda.

"Haya mapengo, mzee. Ni kutu?"

Bushiri alipitisha kidole gumba. "Kutu inakula kwa mashimo. Haya ni ya kugonga kitu kigumu. Chuma kwa chuma, huenda. Watu wakipigana kwa mapanga, mapengo huwa namna hii."

Ghati aliyaandika maneno hayo. Alichokisikia ndicho hasa mkuu wake alichokuwa akikitaka: ndugu wawili, mapanga mawili, ugomvi porini. Ila alikuwa na ripoti ya daktari mfukoni, na daktari alisema kwamba hakuna hata mfupa mmoja uliokuwa na alama ya makali. Nyonga ya kushoto ilikuwa imepasuka, na mbavu za upande huohuo zilikuwa zimevunjika kwa pamoja. Hilo jambo hakumwambia mtu yeyote nje ya kituo, na Ezekiel hakuambiwa.

"Paka mafuta mazito kabla hujaufunga," Bushiri alimwambia wakati wa kuagana. "Chuma kilichotoka kwenye kutu kinakuwa kama mtu aliyetoka homa. Kikipata unyevu kidogo tu, kinarudi kitandani."

*

Robi alikuwa shambani kwake Nyanungu, akipalilia mihogo. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye kilemba cha kitenge kilichopauka. Alipoliona gari la polisi aliegemea jembe, akangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeniletea shemeji yangu?"

"Bado."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Uji hapendi. Hilo mmwambie anayepika." Akaweka jembe chini. "Njoo ndani, jua ni kali."

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imefagiliwa mpaka sakafu inateleza. Robi alimpa kiti na kikombe cha maziwa ya mgando. Ghati aliyanywa, na juu ya ukingo wa kikombe macho yake yakapanda mpaka juu ya mlango wa chumbani. Pale, kwenye misumari miwili, ulikuwa umening'inia upanga ndani ya ala ya ngozi.

"Mama, ule ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

Ghati alitua kikombe taratibu. "Naweza kuushusha?"

"Ushushe, ila uufute ukimaliza. Jasho la mkono haulitaki."

Ulitoka kwenye ala bila kulalamika. Ulikuwa safi, unanuka samli, na makali yake yalikuwa yamenyooka kama mstari wa rula. Karibu na mpini kulikuwa na mwezi mdogo. Pembeni ya mwezi, nukta moja.

"Hii nukta moja?"

"Walitengenezewa pamoja, yeye na Ezekiel, kwa fundi wa Tarime mjini. Yangefanana, wangegombana. Kwa hiyo mkubwa moja, mdogo mbili." Robi alitabasamu kidogo. "Na waligombana vilevile."

Kwa hiyo upanga wa Ringwani ulikuwa wa Ezekiel. Ghati alisikia jalada likijifunga lenyewe kichwani mwake, na hakupenda lilivyofungika.

"Huu ulifikaje hapa, mama, kama mwenyewe aliondoka nao?"

"Ezekiel aliuleta siku aliyorudi. Alisema mkubwa wake ameagiza uwekewe mtoto. Nilikuwa na mimba ya Neema."

"Na nani anautunza? Hauna hata doa."

"Yeye. Mvua zikikaribia anakuja, anabisha hodi, anaushusha, anaupaka samli, anaurudisha. Akimaliza anauliza kama paa linavuja."

Ghati alijua swali lililofuata ni baya, akaliuliza hivyohivyo.

"Mama, kuna watu wanasema Ezekiel alikuwa anakutaka wewe. Kwamba ndiyo sababu."

Robi alicheka kicheko kifupi kilichokuja kutoka mbali.

"Amenilimia shamba hili tangu Neema yuko tumboni. Ada ya shule ya Neema ilitoka kwenye ndizi zake. Miaka yote hiyo hajawahi kuketi kwenye kile kiti." Akaonyesha kiti chenye mto, kilichokaa pembeni ya dirisha, kitupu. "Anasema ni cha mwenyewe. Anakaa kwenye ndoo. Wazee walipokuja kutaka nipewe mwanaume mwingine, niliwaambia mume wangu yuko safarini, muulizeni Ezekiel. Ezekiel akasimama mbele yao akasema ndiyo, yuko safarini, atarudi. Mwanaume anayenitaka angesema hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie hao watu wako."

Walitoka nje. Robi aliokota jembe lake, na Ghati akaliona kwa mara ya kwanza hasa. Lilikuwa jembe lililochakaa. Pembe zake zilikuwa zimekwisha zikawa duara, ukingo umepata mapengo ya mawe, na mahali palipogusa ardhi zaidi palikuwa pamelainika kama ulimi. Ghati alikuwa amekulia kwenye jembe kama hilo. Mama yake alikuwa akiliita kijiko.

"Mama, subiri. Usiondoke nalo."

Alikwenda kwenye gari akarudi na upanga wa Ringwani. Akapiga magoti kwenye udongo, akaulaza kando ya jembe. Robi alisogea akainama naye, bila kuuliza.

Mapengo ya upanga unaopigana, Ghati aliwaza, yangekaa katikati, mahali mkono unapopigia. Na yangekuwa upande mmoja, kwa sababu mtu hapigi kwa pande zote mbili. Haya yalikuwa mbele, pande zote mbili, sawasawa. Ncha ilikuwa imekunjika kama iliyotumiwa kung'oa jiwe. Na kingo kati ya pengo na pengo zilikuwa zimelika zikawa mviringo. Vita havilainishi makali. Udongo ndio unaolainisha.

Upanga ule ulikuwa umechimba. Tena ulichimba sana, kwenye ardhi ya mawe, mpaka ukaharibika kabisa. Ghati alikumbuka lile shimo la Ringwani, jinsi wachimbaji wa mtaro walivyolalamika kwamba hata sururu ilikuwa inarudi mkononi. Akakumbuka na mawe yalivyopangwa, makubwa chini, madogo juu, hakuna nafasi ya kuingiza mkono. Mkuu wake alisema ni ya kuficha maiti. Lakini pori lile wakati ule lilikuwa tupu. Mwenye kutaka kuficha angewaachia fisi, wangemfichia kabla ya jua kuchomoza.

Aliinua kichwa. Robi alikuwa bado anautazama upanga. Alinyoosha kidole, akagusa ile ncha iliyopinda, akaishika kama mtu anavyoshika kidole cha mtoto.

"Nipeleke kwake," alisema.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililotazama ukuta. Koplo Steven alimleta Ezekiel, akamfungua pingu, akaketi mlangoni na kalamu yake. Ezekiel alikuwa mzee mwembamba, mabega mapana yaliyoanza kuinama. Robi alikuwa kwenye benchi la nje, kwenye korido. Ezekiel hakujua kwamba yupo.

Ghati alifungua gunia mezani.

Ezekiel aliutazama upanga. Mkono wake ulikwenda mbele, ukasimama hewani.

"Gusa tu," Ghati alisema.

Aliugusa karibu na palipokuwa na mpini, kidole kikaenda chenyewe kwenye nukta mbili.

"Mmetoa kutu," alisema polepole. "Nilifikiri umeshakuwa udongo."

"Ni wako."

"Ni wangu."

"Na wa kaka yako uko juu ya mlango wa Robi, unaupaka samli. Mzee, mkuu wangu anasema mlipigana. Mimi nasema huu upanga haujapigana. Umechimba. Ulichimba muda gani?"

Ezekiel alifumba macho.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nilianza jua likizama. Lilipochomoza nilikuwa bado nachimba. Ardhi ya kule ina mawe. Nilikuwa nachimba kwa upanga, natoa udongo kwa mikono. Kaka alikuwa ameniambia, mura, mdogo wangu, usiniache na fisi. Kumbeba nisingeweza, yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi, na nyumbani ni mbali, kuna mto. Ningefanyaje?"

"Alikufa kwa nini?"

"Nyati. Alikuwa amelala kwenye majani marefu, hatukumwona. Alimchukua Mwikwabe akamgonga kwenye mti."

"Alimgonga wapi?"

"Hapa." Ezekiel alijishika nyonga, akapandisha mkono mpaka mbavuni. "Kushoto. Nilisikia ilivyolia. Sikio langu halijasahau."

Ghati alivuta pumzi. Alitoa ripoti ya daktari mfukoni, akamsogezea Steven asome, na Steven aliposoma alikohoa akatazama sakafu.

"Andika," Ghati alimwambia. "Andika kwamba hakuambiwa kilichomo humu kabla ya kusema." Kisha akamgeukia mzee. "Kwa nini hukusema? Si juzi tu. Siku ileile uliyorudi."

"Robi alikuwa na mimba."

"Wanawake wenye mimba hupokea misiba, mzee."

"Zilishaharibika mbili kabla ya ile. Ya mwisho ilitoka siku alipozikwa mama yake. Mkunga alisema nyingine ikitoka, na yeye mwenyewe ataondoka nayo. Nilitembea njia nzima nikitunga cha kusema. Nikifika nimwambie hivi, nimwambie vile. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni ameshika tumbo, ananitazama nyuma, anatafuta mwenzangu. Nikasema amefuata nyayo Kenya. Nilifikiri nitamwambia akishajifungua."

"Na alipojifungua?"

"Alikuwa ananyonyesha. Kisha mtoto akawa mgonjwa. Kisha mtoto akaanza kusema, akawa anauliza baba yuko wapi, na Robi anamjibu yuko safarini." Alipangusa uso kwa viganja. "Uongo ukishaulea hivyo, unauua saa ngapi? Kila nilipokwenda kule nilienda nikisema leo. Nikifika naupaka upanga samli, nauliza kama paa linavuja, narudi."

"Ungefungwa, mzee. Ungefia gerezani kwa kosa ambalo hukufanya."

"Bora. Akijua nilimdanganya siku ile, atajua nimemdanganya kila siku. Sitaki kuwepo akinitazama."

Ghati aliinuka akafungua mlango.

Robi aliingia akiwa amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Ezekiel alipomwona alisimama, kisha akaketi tena. Robi alivuta kiti cha upande wa pili wa meza, akakaa. Upanga ulikuwa kati yao.

"Umekula, shemeji?"

Ezekiel alikaza macho kwenye upanga.

"Nimesikia," Robi alisema. "Mlango wenu ni mwepesi."

"Nilikudanganya, Mama Neema."

"Najua."

"Sikukwambia kwamba..."

"Najua, Ezekiel. Nilijua siku ile. Ulinipa upanga wake. Mwanaume gani anafuata wezi mpaka Kenya, anaacha upanga wake nyuma? Na mikono yako ilikuwa haina kucha. Nilikuona ukila, unashika ugali kwa kiganja."

Ezekiel alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ulijua?"

"Nilijua amekufa, na nilijua umemzika wewe. Wapi na vipi sikujua."

"Mbona hukusema?"

Robi aliinamia vidole vyake.

"Mwanzoni nilinyamaza kwa ajili ya mtoto, kama wewe. Baadaye wazee walikuja, nikaona kwamba nikiwa mjane wanaweza kunipangia. Nikiwa na mume safarini, hakuna wa kunigusa. Na wewe..." Alisita. "Wewe ulikuwa unakuja na lile neno lako, yuko safarini, unalisema umetoka jasho. Nilifikiri, huyu akijua kwamba najua, hatakuja tena. Ataona aibu. Nikaona bora nisubiri tu. Nikakutengea na kiti, hukukikalia."

Koplo Steven alikuwa ameweka kalamu chini. Ghati alimfanyia ishara kwa kichwa, wakatoka wote wawili mpaka kwenye korido, ila mlango akauacha wazi, kwa sababu sheria ni sheria na mzee alikuwa bado mahabusu mpaka mkuu atie saini. Kutoka pale aliona kipande cha meza na mikono minne.

Simu yake iliita. Ilikuwa ya mkuu wake.

"Amesema?"

"Amesema, afande. Si mauaji. Nitakueleza na vielelezo vyote mezani. Naomba tu mtu asiingie chumba kile kwa sasa."

Ndani, Robi aliuliza, kwa sauti ndogo, swali ambalo bila shaka alikuwa amelala nalo miaka yote ile.

"Alikuwa na kiu?"

"Nilimletea maji. Kulikuwa na kijito karibu. Nilimletea kwa viganja."

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Mara ya pili hakumaliza. Akaniuliza kama nyumbani mvua imenyesha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia imenyesha. Nikamwambia mtama wako umesimama, unafika kifuani."

"Mwaka ule ilikuwa haijanyesha," Robi alisema. "Mtama wote ulikauka."

"Ulikauka."

"Kumbe ulianza kudanganya mapema."

Ghati alisikia sauti ambayo kwanza alidhani ni kilio, na huenda nusu yake ilikuwa kilio. Alipochungulia aliona wazee wawili wameinamiana juu ya meza, mabega yanatikisika, wanacheka na machozi yanawatoka, kila mmoja akijaribu kumnyamazisha mwenzake kwa kuwa wako polisi.

Robi alijifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akainuka, akakiburuta kiti chake, akazunguka nacho meza, akaketi upande wa Ezekiel, bega kwa bega.

"Haya," alisema. "Anza tangu mlipotoka nyumbani. Usiruke kitu."